Hati Moja, Sauti Moja

Ndugu wa Tabora mnaomiliki jengo moja kwa ushirika, tuna neno nanyi. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta umiliki wa ardhi wa milele ulioachwa na wakoloni, ikaugeuza kuwa upangaji wa Serikali wa miaka 99. Leo ardhi ni mali ya umma. Twapewa kwa muda usiozidi miaka hiyo. Sheria ya 2008 yamruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, lakini sehemu hiyo yasimama juu ya kiwanja cha wote. Muda wa kiwanja ukiisha, mlango wa mmoja hausalimiki peke yake. Basi kaeni kikao, hesabuni miaka iliyosalia, changeni ada, mwombe muda mpya pamoja. Mji wa wapagazi wajua: mzigo wa wawili hauendi mmoja akiketi.