Mfanyabiashara akiugua Mpanda, mtaji nao hulazwa

Msimu wa ununuzi wa mpunga na mahindi mkoani Katavi hushika kasi mvua zikishakatika, wakati wanunuzi wa Mpanda wanapotawanyika kwenda Mpimbwe, Usevya na vijiji vya Mishamo kutafuta mzigo kabla bei haijapanda. Kwa bahati mbaya, majira hayo hayo, mwishoni mwa mvua, ndiyo ambayo malaria hulaza watu wengi. Mchuuzi akiugua Februari hupoteza mauzo ya mwezi mmoja. Anayeugua Juni hupoteza bei ya mavuno, na hiyo hairudi mpaka mwaka unaofuata.

Hasara ya namna hii haimo katika hesabu za hifadhi ya jamii nchini. Mwajiriwa amewekewa utaratibu wake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila kipindi cha miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Akiumia kazini upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Akiachishwa kazi bila kosa lake, mageuzi ya mwaka 2018 yalimwekea fao la kukosa ajira la asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, mradi awe amechangia angalau miezi 18.

Mwenye meza sokoni hana mwajiri wa kumlipa. Ni kweli kwamba NSSF, iliyorithi kazi ya mfuko wa akiba wa mwaka 1964, imefungua mlango kwa waliojiajiri, na tangu mifuko mingine ilipounganishwa mwaka 2018 ndiyo iliyobaki na sekta binafsi pamoja na kundi hilo. Mama akijifungua, na akiwa ametimiza masharti ya uchangiaji, lipo fao la uzazi la wiki 12. Akipata ulemavu unaomwondolea theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, ipo pensheni ya ulemavu. Katikati ya mambo hayo mawili pana shimo. Mtu aliyelala miezi 3, akapasuliwa, akapona, akarudi kwenye meza yake, hayumo popote.

Watetezi wa hali ilivyo hujibu kwamba ipo bima. CHF iliyoboreshwa ilianza mwaka 2018 kwa mchango wa Sh 30,000 kwa kaya ya watu 6, na baadaye ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Hizo ni hatua kubwa, na mfanyabiashara asiyejiunga anajidhulumu mwenyewe. Hata hivyo, bima humlipa daktari. Haimlipi mwenye duka aliyefunga duka, wala hainunui unga wa watoto waliobaki nyumbani.

Hesabu ndiyo inayoonyesha ubaya wa jambo hili. Chukua mfano wa mama muuza mchele mwenye mtaji wa Sh 1,200,000, ambao humzalishia faida ya Sh 60,000 kwa wiki, na nyumba yake yenye watoto wanne ikala Sh 50,000. Kwa bei ya Sh 80,000 kwa gunia la mpunga, mtaji huo ni magunia 15. Akilazwa na kuuguzwa wiki 13, hata kama matibabu yote yamelipwa na bima, nyumba itakuwa imekula Sh 650,000 kutoka kwenye mtaji. Anaporudi sokoni ana Sh 550,000, yaani magunia yasiyofika 7.

Wengi hudhani kwamba hapo taabu imekwisha kwa kuwa mgonjwa amepona. Kwa kiwango kile kile cha faida, Sh 550,000 huzaa Sh 27,500 tu kwa wiki, na nyumba bado inataka 50,000. Kila wiki anayofanya kazi akiwa mzima wa afya, mtaji unapungua Sh 22,500 nyingine. Ili asimame palepale anahitaji mtaji usiopungua Sh 1,000,000. Chini ya hapo anateremka, tena kwa kasi inayoongezeka. Huyu ndiye anayeonekana miezi michache baadaye akitafuta mikopo ya "kausha damu", na majirani wakasema hajui biashara.

Hii si habari ya huruma peke yake. Katavi ni mkoa uliokuwa na watu 564,604 katika sensa ya 2012 na 1,152,958 katika ile ya 2022. Wateja wameongezeka maradufu na wanaowauzia ni wafanyabiashara wa kiwango hicho hicho. Mwenye stoo anayetoa mzigo kwa mali kauli, mwenye hisa katika SACCOS, na anayeweka akiba VICOBA, wote wanabeba hatari ya ugonjwa wa mtu mwingine bila kuipangia bei.

Gharama ya kuziba shimo si ya kutisha. Mama yule akipewa Sh 35,000 kwa wiki kwa wiki 13, jumla Sh 455,000, atarudi sokoni akiwa na Sh 1,005,000 na atasimama. Iwapo katika wachangiaji 100 wataugua kiasi hicho watu 3 kwa mwaka, kila mchangiaji atatakiwa kutoa Sh 13,650 kwa mwaka, chini kidogo ya Sh 1,140 kwa mwezi, kabla ya gharama za uendeshaji. Ni kiasi ambacho wengi hutumia kwa vocha bila kukifikiria. NSSF ingeweza kukiweka kama nyongeza ya hiari. Udanganyifu utakuwepo, kama ulivyo kwa waajiriwa wenye vyeti vya daktari visivyoisha. Dawa yake ni wiki mbili za mwanzo zisizolipwa na uthibitisho wa hospitali.

Mpaka hilo litakapofanyika, kazi iko mikononi mwa vikundi. VICOBA vingi vina mfuko wa jamii, lakini hutumika zaidi kwa misiba. Kikundi kinachotoa ubani haraka kisha kikamdai mgonjwa rejesho la wiki kinajichimbia chenyewe. Katiba ibadilishwe: marejesho yasimame mwanachama akiwa kitandani, na siku ya kurudi apewe ruzuku, si mkopo mwingine.

Lipo pia jambo la kodi, ambalo wengi hulisahau. Anayelipa kodi ya mapato kwa makadirio na awamu za mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba anaruhusiwa kuwasilisha makadirio yaliyorekebishwa ndani ya mwaka. Aliyefunga duka miezi 3 asisubiri deni. Apeleke TRA makadirio mapya kabla ya awamu inayofuata, pamoja na karatasi zake za hospitali.