Bunduki ya bei kidogo, kadena ya kweli

Wandugu wa kazi, mdogo wangu mumoja alikuwa anatoboa majiwe pamoja na sisi, kisha akaenda kuishi Marekani. Mwaka jana alinipigia simu: «Yaya, niko nataka kununua bunduki ya kulenga mbali. Ya mchezo tu, ya kutoboa karatasi. Iko dola 3000.» Nikanyamaza. Huku mabati ya nyumba ya mama yanavuja.

Wengi watasema: umukataze kabisa. Kwetu neno bunduki halichekeshi mutu, tumeona mengi. Tena sheria yetu ya 1985 haimuache raia kushika silaha bila ruhusa ya serikali, na mimi naona ni vizuri vile. Lakini kule iko mchezo wa halali. Hata kwenye Michezo ya Olimpiki wanalenga na bunduki ndogo kwa metre 50, na duara ya katikati inapita milimetre 10 kidogo tu. Sikumukataza. Nilimuuliza maswali, sawa vile tunauliza wakubwa wa kazi wakileta mashini mupya: inafanya kazi gani, inakula nini, na nani atailisha?

Hapo njo alianza kuhesabu. Risasi moja nzuri ya bunduki kubwa ya kulenga mbali inapita dola moja. Ya bunduki ndogo, ile wanaita .22 Long Rifle, iko santimu tu. Mutu akipiga masasi 100 kila siku ya posho, ataona tofauti mbele mwezi haujaisha.

Wengine wanaicheka: eti ni ya watoto. Si kweli. Risasi yake ina uzito wa gramu 2,6 hivi, na ile ya polepole inatoka na mbio ya metre 330 hivi kwa segonde. Ukiipanga lineti kwa metre 50, kwenye metre 200 risasi inaanguka zaidi ya metre moja, na upepo kidogo unaisukuma pembeni. Mwenye kujua kusoma upepo na ile ndogo, hatahangaika na kubwa. Udhaifu wake njo masomo yake.

Kwa hiyo nilimwambia: usitie franga yote ndani ya chuma. Bunduki ya kawaida, sawa Savage Mark II ao CZ 457, inatosha. Uangalie lineti: vifungo vyake vya kupandisha, ukivigeuza na kuvirudisha, virudi pale pale. Tia chini yake reli yenye kuinama kidogo, maana bila ile, lineti ya bei kidogo inaweza kumaliza kupanda mbele haujafika metre 200. Kisha ununue masasi ya aina tatu ao ine, ujaribu, na ubakie na ile bunduki yako inapenda. Usikimbilie yenye mbio sana: yakirudi chini ya mbio ya sauti, yanaanza kutikisika njiani.

Lakini mbele ya lineti na mbele ya masasi, kuko kadena. Ninyi munajua: mbele ya kuingiza mukono ndani ya konkasere, kila mutu anafunga kadena yake na anatembea na funguo mufukoni. Hatuaminie maneno ya mutu, tunaaminia kadena. Tumezika wandugu kwa kusahau ile. Bunduki ndani ya nyumba iko vile vile: yenyewe ndani ya sanduku ya chuma, masasi ndani ya ingine, funguo kwa mwenyewe. Mdogo wangu iko na watoto watatu. Nilimwambia wazi: kama hauna franga ya sanduku, hauna franga ya bunduki.

Alikasirika siku mbili. Kisha alinunua sanduku kwanza, halafu bunduki, lineti na masasi, na hata nusu ya zile dola 3000 haikufika. Sehemu ya yenye kubakia alituma huku. Mama analala pakavu.

Wandugu, kitu cha bei kali hakimupe mutu jicho. Na wakubwa wetu, wenye kununua mashini ya kungaa na kukosa franga ya glavu na kadena, wasome hapa pia.