Breki Hazizoei

Katika mtaa wa Olympic, ulio ukingoni mwa Kibera, mwenye gari hana haja ya kwenda mbali kutafuta fundi. Wako kando ya njia na katika viwanja vidogo, kama walivyo Kawangware na kwingineko Nairobi. Wengi wao ni watu hodari, waliojifunza kazi kwa kulala miaka mingi chini ya magari ya watu, na baadhi yao wamefanya majaribio ya serikali wakapata vyeti vya daraja la tatu, la pili, hata la kwanza. Lakini hodari na asiye hodari huvaa ovaroli ya namna moja, yenye mafuta yale yale, wala mgeni hawezi kuwatambua kwa macho.

Chukueni mfano wa karani mwenye gari dogo la zamani. Breki zake zilikuwa zikilia, akalipeleka gari kwa fundi asubuhi, akalichukua jioni. Kilio kimekwisha kweli; lakini sasa kanyagio la breki lazama kama mguu utiwao matopeni, na yampasa kulikanyaga mara mbili au tatu ndipo gari lisimame. Aliporudi kuuliza, fundi alimjibu, "Hiyo itazoea, bwana. Endesha tu siku mbili tatu." Neno hilo ni la hatari kuliko ubovu wenyewe, kwa kuwa humpa mtu ruhusa ya kuendelea.

Breki hazizoei. Ni kweli kwamba lainingi mpya huhitaji kilomita kadhaa kabla ya kukamata sawasawa, lakini kanyagio lizamalo ni jambo jingine kabisa. Aghalabu maana yake ni kwamba hewa imeingia katika mabomba ya breki, na fundi hakuitoa yote. Mafuta ya breki hayabanwi, kwa hiyo nguvu za mguu hufika gurudumuni. Hewa hubanwa, na nguvu za mguu huishia hapo. Tena wako mafundi ambao, wakikosa mafuta ya breki, hutia mafuta ya injini. Hili ni kosa kubwa mno. Raba zilizo ndani ya breki huvimba na kulainika, nazo zikisha kuharibika haitoshi kumwaga mafuta yale na kutia mengine: sharti mabomba yasafishwe na raba zote zibadilishwe.

Katika barabara za mjini mtu aweza kudanganyika kwa majuma mengi. Kisha siku ya sikukuu huondoka na mkewe na watoto kwenda Narok, akashuka mteremko wa Mai Mahiu, ile barabara iliyochongwa ukingoni mwa Bonde la Ufa na mateka wa Kiitalia wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ambao walijenga pia kanisa dogo kando yake, nalo lingali pale. Huko breki hushika moto. Mafuta ya breki ya siku nyingi, yaliyokwisha kunyonya maji ya hewani, huchemka yakawa mvuke, na mvuke nao hubanwa. Mguu hufika chini, na gari halisikii amri tena.

Si breki peke yake. Nati za gurudumu zapasa kukazwa kwa kukingamanisha, moja huku na ya pili upande wa pili, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, maana hulegea. Na katika vyuma vya usukani mna kipini kidogo kinachopita katika nati ili isifunguke. Kipini hicho bei yake ni ndogo sana, na kwa sababu hiyo hasa husahauliwa, au hutiwa waya mahali pake. Pia mwenye gari hujiponza mwenyewe anapokwenda barabara ya Kirinyaga, iliyoitwa Grogan zamani, akachagua spea ya bei ya chini kuliko zote, kisha akamlaumu fundi. Rahisi huvunja upishi.

Basi mtu afanyeje akiona gari limerudi likiwa baya? Kwanza aliache pale lilipo. Asilivute kwa kamba, maana gari la nyuma nalo lahitaji breki. Heri kumwita fundi mwingine, asiye rafiki wa yule wa kwanza, alitazame papo hapo, au kukodi gari la kubebea. Achukue picha, adai vyuma vya zamani vilivyotolewa, na aandikiwe kwa mkono wa fundi wa pili ni nini alichokiona. Kisha amrudie fundi wa kwanza kwa upole, ampe nafasi ya kurekebisha kazi yake. Wengi hurekebisha, kwa kuwa riziki yao hutegemea sifa njema mtaani.

Akikataa, iko sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata kazi iliyo ya kiwango cha kuridhisha. Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kufunguliwa Milimani mwaka 2021, husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, nayo imeamriwa kumaliza kesi katika siku 60. Lakini Sura ya 403, iliyo sheria ya barabarani, hukataza gari ambalo hali yake ni hatari kwa watu kutumiwa barabarani. Mwenye gari aliyejua kwamba breki zake zazama, naye akaendesha, hatapona kwa kusema kwamba fundi ndiye aliyemwambia.

Aendaye Milimani achukue risiti yenye tarehe, picha, maandishi ya fundi wa pili na vile vyuma vyenyewe. Kwa sababu hiyo risiti na idaike siku ile ile gari linapochukuliwa, hata kama fundi ni jirani, na hata kama ataandika juu ya kipande cha karatasi ya daftari.