Mkataba wa Mafuta: Tutazame Chunya



Shauri lililoletwa mbele ya chama, kwamba tufunge mkataba wa miaka mitano na muuzaji mmoja wa mafuta kwa magari na mashua za kuchukulia karafuu, twaona lisikubaliwe kwa haraka. Wanaolitaka wasema kampuni ikikua, mafuta huwa rahisi. Sisi twawaomba watazame Chunya.

Wako vijana wa kwetu waliokwenda huko kutafuta dhahabu. Bila ya dizeli pampu za kutolea maji mashimoni hazizunguki, wala makarasha hayasagi mawe. Mafuta yao hushushwa bandarini Dar es Salaam, yakapakiwa katika malori, yakapita Iringa na Mbeya, kisha yakavuka milima kwenda Chunya. Na ajabu ni hii: bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, nalo lapita Iringa na Mbeya. Lilifunguliwa mwaka 1968, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia kukosa njia ya kusini. Kwa miaka mingi lilichukua mafuta ghafi hadi Ndola, na mafuta ghafi hayatiwi katika gari. Mwaka 2023 likageuzwa kuchukua dizeli, nayo ya Zambia. Basi kitu kikubwa kikipita karibu na mlango wako, si lazima utachotewa.

Waliowafikia watu ni wenye malori na vituo. Lake Oil, kwa mfano, ilianza Dar es Salaam mwaka 2006, na leo ina vituo sehemu nyingi za Bara na biashara katika nchi za jirani. Kazi hiyo twaisifu, maana kituo kikifunguliwa mtu huacha kununua petroli ya chupa, asiyojua imechanganywa na nini.

Lakini bei ni jambo jingine. Kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo ya kila mji, na Chunya imo kwa jina lake, ghali kuliko Dar es Salaam kwa sababu ya safari. Muuzaji hana ruhusa ya kuipita. Kuuza chini yake anaweza. Sasa atauza chini kwa nini, ikiwa ng'ambo ya barabara hana mwenzake?

Kwetu Visiwani ZURA ndiyo itangazayo bei, kwa hiyo hatuogopi kudhulumiwa mchana kweupe. Tunaogopa miaka mitano ya kukosa pa kuuliza. (Kuna watakaosema kwamba karafuu nazo twamwuzia mnunuzi mmoja, ZSTC. Kweli, lakini hilo lina mjadala wake, na si wa leo.)

Rai yetu ni mkataba wa msimu mmoja tu, punguzo liandikwe kwa shilingi chini ya bei ya ZURA, na kila pipa lipimwe mbele ya wajumbe wawili. Kura itapigwa katika mkutano ujao. Wenye stakabadhi za mafuta za msimu uliopita tafadhali waje nazo, tupate kulinganisha.