Mwenyeji Hajapona

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mithali hii ina pande mbili, na wengi wetu hupenda kuusoma upande mmoja tu. Mgeni hukaribishwa kwa moyo mkunjufu, lakini heri ya kuja kwake hupimwa kwa kupona kwa mwenyeji. Ikiwa mgeni amekuja, ametazama, amefurahi na kwenda zake, naye mwenyeji angali hali moja na jana, basi ama ugeni ule ulikuwa na kasoro, ama aliyefungua mlango hakuwa mwenye nyumba. Nataka kusema juu ya matembezi ya kuongozwa ambayo wageni hufanyiwa katika ufukwe wa Bagamoyo, na neno langu ni moja: mvuvi ndiye mwenyeji wa ufukwe ule, naye hajapona.

Msomaji ataniuliza: wewe mtu wa Kurui, wilaya ya Kisarawe, habari za bahari umezipata wapi? Swali lake ni la haki. Mkoa wetu huitwa Pwani, lakini Kurui haioni maji ya chumvi. Bahari hutujia sisi ndani ya kikapu cha mchuuzi, nayo hutujia imekauka: ng'onda, dagaa na vipande vya papa. Tumekua tukila jasho la watu ambao hatukuwajua kwa sura wala kwa jina. Mwenye kula kwa mtu miaka mingi ana deni kwake, na maneno haya ni sehemu ndogo ya malipo yangu.

Nilikwenda Bagamoyo nikafuatana na kundi moja la wageni pamoja na mwongozaji wao. Alikuwa kijana mwenye adabu na ulimi mwepesi. Alituonyesha Ngome Kongwe, akatuonyesha Boma la Wajerumani. Alitueleza habari za Burton na Speke walioshika njia ya bara mwaka 1857, na za Stanley mwaka 1871. Alitusimulia jinsi Chuma, Susi na wenzao walivyouleta mwili wa Livingstone kwa miguu mpaka ukafika pale mwaka 1874. Alitusimulia vita vya Bushiri vya mwaka 1888. Alisema juu ya watumwa, na hapo sauti yake ilishuka, nasi sote tulinyamaza. Mambo hayo yote ni kweli, na mtu atakayetaka yasahauliwe simo katika safu yake.

Kisha tulifika forodhani, penye jengo la Wajerumani, na kando yake soko la samaki. Hapa mwongozaji alikuwa na maneno matatu tu: kwamba hili ni soko la samaki, kwamba wavuvi wangali wakitumia njia za kale, na kwamba ruhusa ipo ya kupiga picha. Wageni walipiga picha. Mmoja wao aliziba pua. Mzee aliyekuwa akishona wavu aliinua uso, akangoja salamu. Alipoona haiji, aliurudisha uso wake kazini. Hatukukaa pale hata robo ya saa, na miguu yetu ilikwisha kugeukia majumba ya mawe.

Hebu tuhesabu tulichokipita bila ya kukiona. Mzee yule anajua tofauti ya bamvua na maji mafu. Anajua siku ambayo mkondo utamchukulia nyavu na siku ambayo bahari itamwachia nafasi. Anajua kaskazi inapokoma na kusi inaposhika, na kwa sababu gani samaki wa msimu mmoja si wa msimu mwingine. Anajua kwamba dagaa hufuatwa kwa taa katika usiku wa giza, maana mwezi ukiwaka taa ya mvuvi haina nguvu. Fundi wa ngalawa hulitazama gogo la mwembe akaona chombo ndani yake kabla ya tezo kuligusa. Msukaji wa dema huujua ukubwa wa mlango ambao samaki huingia wala asipate njia ya kutoka. Ziko pwani za nchi yetu ambako wanawake huingia majini kutanda uduvi kwa nguo, kazi ambayo hapana mnara uliojengwa kuisifu. Elimu hii yote haina jengo, wala haikuandikwa ukutani. Imo vichwani na mikononi mwa watu, na mtu akifa, huzikwa nayo.

Kwa nini basi hupitwa? Nadhani ni kwa sababu tumezoea kuifikiri Bagamoyo kama mlango, na historia ya mlango tukaifanya kuwa ni ya wapitao. Mvumbuzi alipita, msafara ulipita, mateka alipitishwa, mtawala alikuja akaondoka. Lakini mlango ni wa nyumba, na nyumba ina watu. Hapo jirani, Kaole, pana magofu ya msikiti wa karne ya 13. Mji ule ulikaa kando ya bahari hii zamani kabla Mjerumani hajajenga forodha. Mji wa pwani usio na mvuvi ni jambo ambalo mimi silijui. Sultani hayupo, gavana hayupo, dalali wa pembe hayupo, mvuvi yupo. Na kosa lake ni hilo hilo la kuwapo. Sisi humheshimu aliyekufa, na aliye hai humgeuza kuwa pambo la picha ya aliyekufa.

Jambo hili lina hatari kubwa kuliko kukosa adabu. Katika mji wa Monterey, Marekani, palikuwa na mtaa wa viwanda vya kutia sadini makoponi. Samaki walivuliwa kupita kiasi, nayo bahari ikabadilika. Viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kimoja. Mwaka 1958, kazi ilipokuwa mahututi, ndipo mtaa ule ulipobadilishwa jina rasmi ukaitwa Cannery Row, yaani safu ya viwanda vya makopo, jina ambalo riwaya ya John Steinbeck ya mwaka 1945 ilikuwa imekwisha kulieneza. Kiwanda cha mwisho kilifungwa mwaka 1973, na mwaka 1984 mahali pake pakafunguliwa nyumba ya kuonyeshea samaki walio hai. Ni nyumba nzuri yenye elimu nyingi. Lakini angalieni mpango wa mambo: kwanza kazi ilidhoofika, kisha jina likapambwa, kisha mgeni akaja. Neno urithi lina maana ya mali, lakini pia lina maana kwamba mwenyewe amekwisha kufa. Tusimwandikie mvuvi wetu mirathi hali angali akivuta kamba.

Watakuwapo watakaonijibu kwamba matembezi huleta fedha mjini. Sikatai. Nauliza tu: fedha ile hulala katika mfuko wa nani? Mwenye hoteli hupata, mwongozaji hupata kidogo, na mwenye sura iliyopigwa picha hurudi kwake na samaki aliyemvua mwenyewe. Tena ile sifa ya njia za kale ina sumu ndani yake. Wako wavuvi watumiao tanga kwa sababu bei ya mashine na mafuta imewashinda. Wala si kwamba walikaa baraza wakakubaliana kuwafurahisha wageni. Tukiusifu ufukara kwa jina la mila, tumeufunga mlango wa kuuondoa.

Wengine watasema kwamba namtukuza mvuvi kana kwamba hana dhambi. La. Wako waliovua kwa baruti, wakavunja matumbawe ambayo ni nyumba ya samaki. Wako wanaoburura juya, wakakomba hata vichanga. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake hukataza maovu hayo, na kwa haki. Habari hizo nazo mgeni azisikie, na azisikie kwa mvuvi mwenyewe, ambaye ndiye wa kwanza kulala njaa mwamba ukivunjika. Historia isiyo na aibu ndani yake ni tangazo la biashara.

Basi matembezi na yawepo, lakini yawe na mwenyewe. Saa za kutembea zifuate maji kujaa na kupwa, wala zisifuate kengele ya chakula hotelini. Anenaye habari za wavu awe mshona wavu, na ujira wake ulipwe mkononi mwake kabla ya wengine kugawana. Pale Mbegani, karibu na mji, pana chuo cha uvuvi. Chuo na wazee wa ufukweni wana mengi ya kupeana. Forodha na ibaki kutazamwa, lakini asifukuzwe mtu wala chombo ufukweni ili kupendezesha macho ya mtazamaji. Na juu ya yote, wageni wa kwanza wawe watoto wetu, nao waelezwe kwa Kiswahili: watoto wa Kibaha, wa Kisarawe, wa Kurui, ambao humla samaki bila ya kumjua aliyemvua.

Nilipoondoka siku ile nilirudi peke yangu kwa yule mzee wa wavu, nikamwamkia: "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba," akanisogezea nafasi juu ya gogo, akaniuliza natoka wapi. Nilipomtajia Kurui alicheka, akaniambia kwamba samaki wake hufika mbali kuliko yeye. Nilikaa mpaka maji yakapwa. Ada ya matembezi nilikuwa nimekwisha kuilipa asubuhi, kwa mtu mwingine.