Somo la Pili Liwe Mipango ya Miji



Mwanafunzi wa Kidato cha Nne akiulizwa atasoma nini chuoni hujibu upesi: uuguzi, ualimu, sheria, uhandisi. Zote ni kazi njema. Mimi nawashauri wenzangu kwamba, pamoja na kazi yo yote watakayochagua, wakipata chuo kinachoruhusu somo la pili, basi somo hilo liwe mipango ya miji na mikoa.

Sisi wa Dzaleka tuna haki ya kusema habari hii, maana twaishi ndani ya hesabu iliyopitwa. Mahali hapa palikuwa gereza wakati wa Dr. Banda. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi, pakakusudiwa watu 10,000 au 12,000. Leo tumezidi 50,000. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokaa mijini warudi kambini, lakini ardhi haiongezeki kwa amri. Basi nyumba hubanana, vyoo husogelea visima, na maji ya mvua hupita mlangoni mwa mtu.

Tusidhani kwamba mji uliochorwa vizuri hauna taabu. Lilongwe, ulio mwendo wa kilomita arobaini na kitu kutoka kwetu, ulifanyiwa mpango mwaka 1968, na mwaka 1975 ukawa mji mkuu badala ya Zomba. Una miti na nafasi tele. Lakini mitaa yake iliwekwa mbali mbali, na asiye na gari hulipa kwa miguu yake au kwa nauli ya basi dogo. Hata namba za mitaa hazifuatani: Area 24 iko kusini, Area 25 iko kaskazini. Kumbe kupanga mji si kuchora tu. Ni kuamua nani atatembea na nani atapanda.

Wako watakaonijibu: mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli kwa mambo yanayovutana, lakini haya hayavutani. London mwaka 1854 Dr. John Snow aliwafuatia waliokufa kwa kipindupindu nyumba kwa nyumba, akaonyesha katika ramani kwamba wengi walikaa karibu na bomba moja la maji la Broad Street. Alikuwa daktari, akabaki daktari. Kipindupindu kilipoipiga Malawi mwaka 2022 na 2023, watu zaidi ya 1,700 walikufa. Muuguzi ajuaye kwamba choo chapasa kuwa mita 30 au zaidi kutoka kisimani ataukinga mtaa kabla ya kuutibu. Vivyo hivyo mwalimu ajuaye kuhesabu watoto wa miaka mitano ijayo ataomba madarasa mapema, wasije wakasomea chini ya mti.

Mbona basi nisiseme liwe somo kuu? Kwa sababu mpanga miji huajiriwa zaidi na serikali au halmashauri ya mji, na mkimbizi hajui atakaa nchi gani wala atapewa kibali gani. Muuguzi na mwalimu huhitajiwa kila mahali. Tena sheria za ujenzi hubadilika mpakani, lakini kuhesabu watu, kupima umbali na kusoma ramani havibadiliki. Kweli, somo la pili halitamfanya mtu awe afisa wa mipango miji. Lakini siku wakubwa watakapokutana kugawa viwanja au kuchimba visima, hatakaa kimya kama mgeni. Atajua la kuuliza.

Nanyi ndugu zetu mliomaliza hapa, ambao sasa mko vyuoni, twaomba mtuandikie kwa gazeti lijalo. Je, chuo chenu charuhusu somo la pili? Lina mafungu mangapi, na ada yake huongezeka? Sisi tuliobaki tusingoje chuo. Mvua hazijaanza, twaweza kuhesabu nyumba, vyoo na mabomba ya mitaa yetu, tukaandika katika daftari moja, na kuwapelekea viongozi wa mitaa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne