Asilimia Moja kwa Wote si Haki kwa Wote

Wiki iliyopita kwenye semina ya katiba tuligawanywa pande mbili tujadili suala la Illinois, Marekani. Katiba ya jimbo lile ya 1970 inataka kodi ya mapato iwe ya kiwango kimoja. Sasa hivi ni asilimia 4.95, uwe mfagiaji au bilionea wa Chicago. Novemba 2020 wananchi waliulizwa kama ibadilishwe, ili kiwango kipande kadiri kipato kinavyopanda. Wengi wakasema hapana.

Mimi nilitetea ndiyo, na bado naitetea. Jamaa akaniuliza: "Asilimia ni ileile, uonevu uko wapi?" Uko kwenye kinachobaki. Mfagiaji akikatwa, anapunguza mboga. Bilionea hata hashtuki. Sisi Tanzania mshahara wa hadi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi PAYE, halafu viwango vinapanda mpaka asilimia 30.

Ila nikiri, swali moja lilinibana: "Leo wanapandishiwa matajiri, kesho je, si zamu yako?" Hofu hiyo ilitumika sana kwenye kampeni za Illinois. Massachusetts waliijibu 2022. Waliandika ndani ya katiba yenyewe: asilimia 4 ya ziada kwa kipato kinachozidi dola milioni moja, pesa ziende kwenye elimu na usafiri. Ikapita.

Kumbe watu hawakatai kodi tu. Wanataka kujua nani analipa na pesa zinaenda wapi. Sisi tunaokaribia kuajiriwa, tuyaulize hayo kabla mshahara wa kwanza haujakatwa.